Kinjikitile Ngwale na Maji Yake: Swali Linalotuhusu Sisi Watu wa Mto

Wapendwa vijana, sisi tuliozaliwa Nyangwe tunaujua mto kabla ya kuijua njia ya Kasongo. Tunaoga humo, tunavua humo, na mai yake tunaipika ugali. Ndiyo sababu neno hili moja, ambalo ndugu zetu wa pwani hulitamka maji na sisi hulitamka mai, linagusa mioyo yetu upesi. Leo tutafakari habari ya mtu aliyelichukua neno hilo akalifanya kuwa ahadi, na watu maelfu kwa maelfu wakaiendea vita kwa ahadi hiyo. Jina lake ni Kinjikitile Ngwale. Hakufika kwetu kamwe. Aliishi na kufa mbali, mashariki, karibu na bahari ya Hindi. Lakini kabla hatujamaliza, mtaona kwamba swali alilowaachia watu wake limefika pia mlangoni petu.

Tuanze hapa hapa nyumbani, ili tuelewe kwa nini watu hutamani dawa ya kuzuia risasi. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, David Livingstone alikuwa Nyangwe. Aliona watu wa wafanyabiashara wa watumwa wakifyatua bunduki katikati ya umati, wengi wao wanawake waliokuja na samaki, mihogo na vyungu vyao. Waliokimbilia mtoni walizama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Miaka 22 baadaye, Machi 1893, majeshi ya Dola Huru la Kongo yaliingia Nyangwe, na mwezi uliofuata yakaingia Kasongo. Mwenye kutawala alibadilika, lakini jambo moja halikubadilika: mwenye bunduki ndiye aliyeamua nani aishi, nani alime na nani abebe mizigo. Mtu asiye na bunduki alibaki na mikono mitupu, na swali likabaki moyoni mwake: nitasimama na nini?

Swali hilo hilo lilikuwa linaulizwa mashariki, katika nchi iliyotawaliwa na Wadachi na ambayo leo ni Tanzania. Huko watu walitozwa kodi ya nyumba tangu mwaka 1898. Kuanzia mwaka 1902 wakalazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja, chini ya maakida na majumbe, kwa malipo yasiyolingana na jasho lao. Wakati mkulima alipotakiwa shambani kwa serikali, shamba lake mwenyewe lilimezwa na magugu, na nguruwe mwitu wakalila. Aliyekataa alipigwa kiboko. Watu wa milima ya Umatumbi na bonde la Rufiji hawakuwa taifa moja. Walikuwa na koo nyingi, lugha tofauti na magomvi ya zamani. Hakuna mfalme aliyewaunganisha. Kila ukoo ulikuwa umewahi kujaribu kupinga peke yake, na kila ukoo ulishindwa peke yake.

Katika hali hiyo, mnamo mwaka 1904, akatokea Kinjikitile katika kijiji cha Ngarambe. Wazee wa Umatumbi waliohojiwa na mwanahistoria Gilbert Gwassa katika miaka ya 1960 walisimulia kwamba alipagawa na pepo aitwaye Hongo. Walisema aliingia katika dimbwi la mto, ndugu zake wakamngoja ufukoni wakidhani amekufa, naye akatoka siku ya pili akiwa mkavu, akianza kusema mambo yajayo. Tuliyoisikia ndiyo masimulizi, na kila mmoja atayapima. Lisilo na shaka ni kwamba watu walimwamini. Katika nchi ile heshima ya mizimu ya maji ilikuwa ya kale. Palikuwapo mahali pa kuombea mvua na rutuba, na watu walizoea kusafiri kwenda kwa waganga wakubwa kutafuta dawa ya mashamba. Kinjikitile hakuanzisha dini mpya toka mwanzo. Aliichukua njia iliyokuwapo na kuitia kazi mpya.

Kazi hiyo ilikuwa nini? Watu walikwenda Ngarambe kwa makundi, wengine wakitembea siku nyingi. Walipewa maji yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya mbarika. Waliyanywa, wakanyunyiziwa, na wengine wakayabeba katika vikopo vya mwanzi. Waliambiwa kwamba risasi za wageni zitageuka maji na kudondoka mwilini kama matone ya mvua. Waliambiwa pia kwamba wao wote ni watu wa mamoja, kwamba Mmatumbi na Mngindo na Mpogoro na Mzaramo si maadui, na kwamba mababu waliokufa wako pamoja nao. Wajumbe walioitwa kwa jina la pepo lile, mahongo, waliyapeleka maji mbali, kutoka kijiji hadi kijiji, kwa minong'ono, bila barua na bila simu. Kwa muda usiozidi mwaka mmoja habari ilikuwa imevuka mito na milima ambayo hakuna jeshi la wenyeji lililowahi kuivuka.

Simameni kidogo hapa, vijana. Msiharakishe kucheka. Mtu huyu alifanya jambo ambalo mashujaa wenye mikuki hawakuweza kulifanya: aliwapa watu waliotengana sababu ya kuitana ndugu. Mkulima aliyezoea kuinama mbele ya akida alirudi kutoka Ngarambe akitembea wima. Hilo ni jambo kubwa, na historia ya kweli haina budi kulitaja.

Lakini ahadi ilikuwa na sehemu mbili, na sehemu ya pili haikuwa kweli.

Inasemekana kwamba Kinjikitile aliwaagiza watu wangoje neno lake. Watu wa Nandete, katika milima ya Umatumbi, hawakuweza kungoja tena. Mwishoni mwa Julai 1905 waliingia katika shamba la pamba la serikali na kung'oa miche michache. Ishara ile ilitosha; ilikuwa tangazo la vita. Wadachi wakamkamata Kinjikitile, na tarehe 4 Agosti 1905 wakamnyonga huko Mohoro. Vita vilikuwa na majuma mawili tu. Mtu ambaye jina lake limefungwa na vita ile hakuishi kuiona. Hakuongoza hata pigano moja kubwa. Aliwaachia watu maji, na maji yakaendelea bila yeye.

Maji yalienda hadi Mahenge. Tarehe 30 Agosti 1905, maelfu ya wapiganaji waliikabili ngome ya Wadachi mchana kweupe, wakipiga kelele za maji, maji. Ndani ya ngome walikuwamo askari wachache, wengi wao Waafrika kama wao, na bunduki mbili za rashasha. Safu ya kwanza ikaanguka. Safu ya pili ikaja juu ya maiti za safu ya kwanza. Ni nani aliyekuwa wa kwanza kuelewa? Hatujui jina lake. Lakini tunaweza kuwaza kijana wa umri wenu, mwenye alama ya maji kifuani, akimwona kaka yake amelala, na damu si maji.

Vita havikwisha siku ile. Wangoni wa Songea nao waliyapokea maji na kuingia vitani, wakashindwa. Ndipo gavana, Gustav Adolf von Götzen, na maofisa wake walipoamua kutumia silaha nyingine ambayo maji ya Ngarambe hayakuwahi kuitaja: njaa. Götzen hakuwa mgeni wa nchi zetu. Mwaka 1894, akiwa ofisa kijana, alipita Ruanda, akapanda mlima Nyiragongo, akaliona ziwa Kivu, kisha akateremka misituni hadi mto Kongo. Sasa askari wake waliteketeza vijiji, wakachoma maghala ya nafaka, wakachukua mifugo na mbegu. Mpaka vita vilipozimika kabisa, mwaka 1907, serikali ya Wadachi ilihesabu Waafrika 26,000 waliouawa kwa upande wa waasi. Wanahistoria wa Tanzania, wakihesabu pia waliokufa kwa njaa na maradhi, wanataja hadi watu 250,000 au 300,000. Wazungu waliokufa upande wa serikali walikuwa 15. Wapimeni wenyewe tofauti ya hesabu hizo. Maeneo mengine yalibaki bila watu, msitu ukarudi, na wanyama wa porini wakatamalaki palipokuwa na mashamba.

Kanisa nalo limo katika historia hii, na hatuna ruhusa ya kuisimulia nusu. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliyekuwa akisafiri kwenda Peramiho, aliuawa njiani pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Hawakuwa wanajeshi. Lakini machoni pa wapiganaji, kila mwenye ngozi nyeupe alikuwa mtu wa serikali ile ile iliyowapiga viboko. Mwezi uliofuata misioni ya Peramiho ikachomwa. Tunawalilia marehemu hawa. Pamoja na hayo tukubali kwamba miaka michache kabla ya vita, padri mmoja wa misioni hiyo alikuwa ameichoma nyumba ambamo Mputa, chifu wa Wangoni, aliomba kwa mababu zake. Padri yule alidhani anaangusha sanamu. Wenyeji waliona mgeni mwingine anayekuja na moto. Mapema mwaka 1906 Wadachi waliwanyonga hadharani huko Songea wakuu na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60, Mputa akiwa mmoja wao, na nduna Songea Mbano pia akanyongwa. Katika siku zao za mwisho gerezani padri Mbenediktini aliwatembelea, na baadhi yao waliomba ubatizo. Mputa alikuwa mmoja wa waliobatizwa. Hivyo katika historia moja tunakutana na maji mawili: yale yaliyoahidi kwamba hutakufa, na yale wanayopewa watu ambao wanajua kwamba kesho watakufa. Ubatizo haukumtoa Mputa katika kamba, wala hakuna aliyemwambia kwamba utamtoa. Tutairudia tofauti hiyo.

Je, Kinjikitile alikuwa nani basi? Watu wamebishana tangu siku ile. Wadachi walimwita mchawi na mdanganyifu, na waliandika kwamba vita vyote vilitokana na ushirikina wa waganga. Jibu hilo liliwafaa sana. Ikiwa vita vililetwa na uchawi, basi havikuletwa na kodi, wala na pamba, wala na kiboko. Ofisa anayemtazama mganga hapaswi kujitazama mwenyewe. Hata hivyo gavana aliyemfuata Götzen, Albrecht von Rechenberg, alipunguza ukali wa mambo kadhaa, naye hakufanya hivyo kwa kuwa aliogopa mapepo ya mto.

Watanganyika waliotafuta uhuru walimwona kwa jicho jingine. Mwaka 1956 Julius Nyerere, akisema mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York, aliikumbusha dunia vita vya Maji Maji kama ushuhuda kwamba watu wake hawakuwahi kuukubali utawala wa kigeni kwa hiari. Kisha mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia yake iitwayo Kinjeketile, na humo hakumfanya mdanganyifu wala mtakatifu. Alimwonyesha mtu anayeteseka kati ya ukweli na umoja, anayeona kwamba neno alilolisema limekuwa kubwa kuliko yeye. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuwaomba msamaha wazao wa waliouawa. Miaka 118 ilikuwa imepita. Ukoo wa Mbano bado unatafuta fuvu la babu yao, ambalo wanaamini lilipelekwa Ulaya.

Sasa tuvuke ziwa Tanganyika turudi kwetu, kwa kuwa maji hayo, kwa jina jingine, yalifika Maniema.

Wazee wenu wanakumbuka mwaka 1964. Patrice Lumumba, aliyezaliwa Onalua, jirani zetu, alikuwa ameuawa tangu Januari 1961. Uhuru uliotarajiwa kuleta shule, mishahara na heshima ulikuwa umeleta wakubwa wapya. Mei mwaka 1964 uasi ulishika Uvira na Fizi, ukashuka Kalemie, na mwezi Julai vijana walioitwa Simba waliingia Kabambare, Kasongo na kisha Kindu. Tarehe 5 Agosti walikuwa wameshika Kisangani. Wengi wao walikuwa na umri wa kidato, wengine wadogo zaidi, na mwanzoni wengi walibeba mikuki na mapanga tu. Mganga aliwachanja chale, akawanyunyizia dawa, nao wakasonga mbele wakipiga kelele: Mai Mulele! Pierre Mulele mwenyewe alikuwa mbali, katika misitu ya Kwilu, magharibi ya nchi. Kama ilivyokuwa kwa Kinjikitile, jina lilisafiri bila mwenye jina.

Na dawa ilionekana kufanya kazi. Lazima tuseme hivyo, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ambayo wazee husimulia kwa mshangao. Askari wa serikali wenye bunduki nzuri waliwakimbia watoto wenye mikuki. Lakini kwa nini walikimbia? Kwa sababu hao askari nao walikuwa wametoka katika vijiji vile vile na waliamini mambo yale yale. Hawakutaka kufa kwa ajili ya serikali wasiyoipenda, wakafyatua hewani na kutupa magwanda. Dawa haikuzuia risasi. Ilizuia mkono wa mfyatuaji. Pale ambapo mkono haukutetemeka, mambo yalikuwa mengine. Mwezi Agosti mwaka ule ule Simba waliishambulia Bukavu, askari wa Kanali Léonard Mulamba hawakukimbia, na vijana wengi walilala barabarani. Mwanzoni mwa Novemba askari wa kukodiwa na ndege walipofika Kindu, mai haikuwasaidia kitu wale waliobaki.

Hapa tunafika kwenye kiini cha tafakari yetu. Vijana wa mwaka 1964 walipewa masharti pamoja na dawa. Usimguse mwanamke. Usioge. Usigeuke nyuma. Usipokee chakula kwa mkono fulani. Wapiganaji wa Maji Maji nao walikuwa na masharti yao: wasiingiliane na wake zao, wasipore mali. Baadhi ya masharti hayo yalileta nidhamu, hatukatai. Lakini tazameni yalifanya kazi gani pale kijana alipoanguka. Wenzake hawakusema kwamba dawa imeshindwa. Walisema kwamba marehemu alivunja sharti. Labda aligeuka nyuma. Labda alimgusa mwanamke. Kila maiti ilikuwa ushahidi dhidi ya maiti yenyewe, na dawa ikabaki safi daima.

Hiyo ndiyo hatia nzito ya dawa ya vita, kuliko hata kushindwa kwake. Inamuua kijana, kisha inamhukumu. Mama anazika mtoto, na juu ya kaburi anasikia kwamba mtoto wake ndiye mkosaji. Na kwa kuwa dawa haiwezi kupatikana na kosa, kesho atapelekwa mwingine.

Mnajua kwamba jambo hili si la babu zetu tu. Tangu miaka ya 1990 jina Mai-Mai limetajwa katika Fizi, Shabunda, Kabambare na Kasongo. Wengine kati yenu mna kaka aliyeingia msituni. Wengine mnaye rafiki aliyeitwa. Hatuandiki ili kumtukana. Mara nyingi alichokwenda kukilinda ni cha kweli: shamba la mama yake, kijiji kilichochomwa, madini yanayochukuliwa bila wenyeji kupata hata barabara. Kinjikitile naye alisema kweli alipowaambia watu kwamba wanaonewa, na tena alisema kweli alipowaambia kwamba ni ndugu. Uongo wake ulikuwa mmoja tu, lakini ulikuwa pale ambapo mtu hulipa kwa uhai wake.

Kwa hiyo tujifunze kutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyafunga pamoja. Mtu akisema dawa ni uongo, wengine hufikiri kwamba anasema pia malalamiko ni uongo. Hivyo ndivyo walivyofanya Wadachi. Na mtu akisema malalamiko ni ya kweli, wengine hufikiri kwamba lazima aitetee dawa. Hivyo ndivyo wafanyavyo baadhi ya waimbaji wa mashujaa wetu. Mkristu anaruhusiwa, tena anadaiwa, kusema yote mawili kwa pamoja: kilio chenu ni cha haki, na maji hayo yatawaua.

Wengine watauliza: je, ninyi Wakatoliki hamna maji yenu? Hambariki, hamnyunyizi? Ni swali zuri, msilikimbie. Ndiyo, tunanyunyiziwa maji tangu utoto. Lakini kumbukeni Mputa. Maji ya ubatizo hayakuwahi kumwahidi yeyote kwamba risasi haitampata. Mwaka ule ule wa Simba, tarehe 28 Novemba 1964, mapadri Giovanni Didonè na Albert Joubert, padri Luigi Carrara na bruda Vittorio Faccin waliuawa Fizi na Baraka. Abbé Joubert alikuwa mtoto wa nchi hii, mama yake Mkongomani. Siku tatu baadaye, tarehe 1 Desemba, Sista Anuarite aliuawa Isiro. Wote walikuwa wamebatizwa. Hakuna hata mmoja ambaye risasi au kisu kiligeuka maji mwilini mwake. Kanisa halikusema kwamba labda walivunja sharti. Liliwaita Wenye Heri: Anuarite mwaka 1985 huko Kinshasa, na wale wanne tarehe 18 Agosti 2024 huko Uvira. Ndiyo tofauti. Dawa ya vita humwaibisha anayekufa, imani humheshimu. Na yule anayeanza kuyatumia maji ya baraka, au medali, au skapulari, kama hirizi ya kuzuia risasi, amekwisha kurudi Ngarambe, hata kama ana rozari shingoni.

Tunamkumbuka pia Askofu Christophe Munzihirwa, aliyeliongoza jimbo letu la Kasongo kabla ya kwenda Bukavu. Mwezi Oktoba 1996, vita vilipokuwa vinaukaribia mji na wakubwa wengi wamekwisha kuondoka, yeye alibaki na watu wake, akawasemea, akaandika, akaomba msaada kwa walimwengu. Aliuawa tarehe 29 ya mwezi ule. Hakuwa na bunduki wala chale kifuani. Alijua kwamba anaweza kufa, na hakumwahidi mtu mwingine kwamba hatakufa. Umoja aliowaitia watu wake haukuhitaji uongo ili usimame.

Tukirudi Mohoro, tunamwona Kinjikitile chini ya mti wa kunyongwa, wakati maji yake bado yanatembea kutoka kijiji hadi kijiji. Tumwombee. Alikuwa mtu aliyeona mateso ya watu wake na hakuyavumilia. Lakini tuwaombee zaidi wale waliobeba vikopo vya mwanzi wakaenda Mahenge, na wale waliopiga kelele za Mai Mulele katika barabara ya Kindu, maana hao walikuwa wa umri wenu, na hakuna aliyeandika majina yao. Mto wetu unapita mbele ya Nyangwe kama ulivyopita siku ile ya soko mwaka 1871. Mai yake ni ya kunywa, ya kuoga, ya kupikia na ya kubatizia watoto. Tusiipe kazi nyingine.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni malalamiko gani ya kweli yanayowafanya vijana wa kijiji chetu kuvutwa na wale wanaotoa dawa ya vita? Nani anapaswa kuyasikiliza, na sisi tunaweza kuyasema wapi bila kushika silaha?

2. Mliwahi kusikia ikisemwa juu ya marehemu fulani kwamba alikufa kwa sababu alivunja masharti? Mngemwambia nini mama yake?

3. Je, sisi wenyewe tunatumia vitu vitakatifu kama hirizi? Tutaje mfano mmoja kwa ukweli, kila mmoja kwa nafsi yake.